Doto Hakuandikiwa Kufa

Katika misiba ya watoto wachanga niliyohudhuria Bariadi na vijiji vyake, kuna neno moja ambalo sijalikosa hata mara moja pale marehemu anapokuwa mmoja wa mapacha. Hulitoa mzee mwenye nia njema, ameketi mkekani, sauti ameishusha: "Pacha ndivyo walivyo. Mmoja huwa anarudi." Waombolezaji huitikia, mama huinamisha uso, na baada ya muda mazungumzo huhamia kwenye mvua na bei ya pamba. Hakuna anayeuliza mtoto alizaliwa saa ngapi, wapi, mikononi mwa nani, wala ni nani alijua kabla ya siku ile kwamba tumboni mna watoto wawili.

Mimi ni Shija. Kwa msomaji asiye Msukuma nieleze kidogo: pacha kwetu huitwa mabasa. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Kila anayesikia jina langu anajua kwamba kabla yangu walikuja wawili. Nilimkuta mmoja. Kulwa ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Doto nilimjua kwa jina tu. Kwa miaka mingi niliamini, kama nyumba nzima ilivyoamini, kwamba Doto wetu aliondoka kwa kuwa pacha ndivyo walivyo. Leo naandika kulipinga neno hilo. Ninalipinga kwa sababu ni uongo, na ni uongo unaoendelea kuua watoto.

Nianze kwa kukubali yaliyo kweli. Mimba ya pacha ni ya hatari kuliko mimba ya mtoto mmoja, popote duniani. Mwaka 2017 watafiti Christiaan Monden wa Oxford na Jeroen Smits wa Nijmegen walichapisha katika jarida la Lancet Global Health hesabu ya vifo vya pacha katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Katika miaka ya 2009 hadi 2014, kati ya pacha 1,000 waliozaliwa hai, 213 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Na ingawa pacha ni sehemu ndogo sana ya watoto wote wanaozaliwa, wao peke yao walikuwa kama asilimia 15 ya vichanga waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja.

Anayeamini kwamba pacha ndivyo walivyo ataishika namba hiyo na kusema: umeona? Namwomba aisome namba iliyoitangulia. Katika miaka ya 1995 hadi 2001, waliokufa walikuwa karibu 328 katika kila 1,000. Ndani ya muda usiozidi miongo miwili, zaidi ya watoto 100 katika kila 1,000 waliokuwa wakisemwa "ndivyo walivyo" waliacha kufa. Maumbile ya pacha hayakubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni chanjo, vyandarua, wakunga na barabara. Lakini vifo vya watoto waliozaliwa mmoja mmoja vilipungua kwa nusu, vya pacha vikapungua kwa theluthi tu. Maana yake ni kwamba tulipopiga hatua, pacha tuliwaacha nyuma. Kifo kinachopungua pale mtu anapohudumiwa si asili yake. Ni deni letu kwake.

Hatari hizo zina majina, na zinajulikana. Mimba ya mtoto mmoja huhesabiwa wiki 40; mimba za pacha, karibu nusu yake au zaidi, huisha kabla ya wiki 37, na wengi wa watoto hao huja na uzito chini ya kilo mbili na nusu. Mtoto njiti hufa kwa baridi, kwa kushindwa kupumua, kwa kushindwa kunyonya na kwa maambukizi. Kwa kila kimoja kuna dawa au mbinu. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika katika nchi tano, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba sindano ya deksamethasoni akichomwa mama anayekaribia kujifungua njiti, katika hospitali yenye huduma inayostahili, hupunguza vifo vya vichanga. Mwaka uliofuata ulitoka utafiti mwingine, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Tanzania: mtoto mdogo akiwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri kwanza "atulie", vifo hupungua kwa robo. Robo nzima, kwa kifua na khanga! Na pacha wakiwa wawili, kifua cha pili kipo: baba anacho, bibi anacho.

Sasa nije kwa Doto mwenyewe, kwa maana hapo ndipo uongo huu unapouma zaidi. Wakunga wanajua kwamba wakati wa uchungu, anayeingia hatarini zaidi ni mtoto wa pili. Kulwa akishatoka, tumbo hulegea na nafasi huongezeka ghafla. Doto aliyekuwa amekaa vizuri anaweza kugeuka akalala kimkingamo. Chupa yake ikipasuka, kitovu kinaweza kutangulia na kubanwa. Kondo linaweza kuanza kubanduka naye bado yumo ndani. Mlango wa kizazi uliokuwa wazi unaweza kuanza kujifunga. Kuanzia hapo dakika zinahesabiwa. Anahitajika mtu anayejua kumshika kutoka nje ya tumbo na kumweka sawa, anayesikiliza mapigo ya moyo wake, na aliye tayari kukimbilia chumba cha upasuaji ikibidi.

Na pale ambapo hakuna aliyejua kwamba Doto yumo? Baada ya mtoto kuzaliwa, mama huchomwa sindano ya kukaza kizazi ili asivuje damu. Ni sindano njema, imeokoa wanawake wasiohesabika. Ndiyo maana mkunga hufundishwa kushika tumbo kwanza na kuhakikisha kwamba hakuna mtoto mwingine kabla ya kuichoma. Katika zahanati yenye mhudumu mmoja, usiku wa manane, kwa mwanga wa tochi ya simu, hatua hiyo ikirukwa, kizazi kinamkaza mtoto ambaye hakuna aliyemhesabu. Kisha tunaketi mkekani na kusema mmoja huwa anarudi. Arudi wapi, na hakuwahi kupewa njia ya kutokea?

Mama yangu alihudhuria kliniki mara mbili. Tumbo lilikuwa kubwa kuliko miezi yake, na wanawake wenzake walimtania kwamba kabeba ng'ombe. Hakuna aliyelipima akashangaa, au kama alishangaa hakumwambia. Alijifungulia mbali na chumba chochote cha upasuaji. Kulwa alilia. Kilipita kitambo kirefu, mama husema "mpaka jua likahama ukutani", ndipo Doto akaja bila sauti. Mama alipotusimulia hakumlaumu mtu. Aliuliza swali moja tu: "Wangeniambia ni wawili, nisingekwenda mapema?" Nimelibeba swali hilo maisha yangu yote, na sijamwona mtu anayesema "pacha ndivyo walivyo" akalijibu.

Lipo kundi la pili, nalo huongea kwa kujiamini zaidi: mama huyu ameshazaa sita, wote nyumbani, wote wazima, pacha watamshinda nini? Simiyu, mkoa wetu, ni mahali ambapo wanawake huzaa watoto wengi kuliko wastani wa taifa, kwa hiyo hoja hii husikika kila kitongoji, kuanzia Lamadi hadi Mwanhuzi. Lakini hebu tuitazame. Pacha wasiofanana, wale wanaotokana na mayai mawili, hutungwa zaidi kwa wanawake wenye umri mkubwa kidogo na waliokwisha kuzaa mara nyingi. Maana yake ni kwamba anayepata pacha mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye uzoefu, na uzoefu wake ni wa mtoto mmoja mmoja. Kizazi kilichobeba mimba sita kimechoka. Kikitanuliwa na watoto wawili na makondo yao huchelewa kukaza baada ya kujifungua, na damu hutoka kama bomba lililofunguliwa. Kifafa cha mimba humwandama mwenye pacha mara mbili hadi tatu zaidi ya mwenzake. Upungufu wa damu, ambao katika nchi ya malaria na ya ugali wa mchana kutwa hauko mbali na mtu yeyote, humkuta akilisha watatu kwa damu ya mmoja. Kumwambia mama huyo kwamba ameshazoea ni kumpeleka mtoni siku ya mafuriko kwa kuwa alivuka salama wakati wa kiangazi.

Kundi la tatu ni la wanaoogopa kujua. Husema: ukienda kupima wakakuta pacha, umekwisha, watakupasua. Hofu hii siidharau. Familia ya mkulima inajua gharama ya upasuaji, na mwanamke anajua maumivu ya kurudi kupalilia akiwa na kidonda. Lakini msingi wake si sahihi. Mwaka 2013 madaktari walioongozwa kutoka Toronto walitangaza matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 2,800 wenye mimba za pacha katika nchi 25. Pale mtoto wa kwanza alipotanguliza kichwa na palipokuwapo wahudumu wenye ujuzi, kupanga upasuaji hakukuwapa watoto usalama zaidi ya kupanga kujifungua kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo kujua mapema hakumpeleki mama kisuni. Anayekatwa usiku kwa haraka, bila chupa ya damu ya akiba na baada ya safari ya saa nne, mara nyingi ni yule ambaye hakuna aliyejua.

Kipimo cha ultrasaundi nacho kinasingiziwa kwamba humchoma mtoto. Hakichomi, ni mawimbi ya sauti. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mjamzito akipate angalau mara moja kabla ya wiki 24, na ahudhurie kliniki mara nane. Kikifanywa mapema zaidi huonyesha pia kama watoto wanachangia kondo moja. Kwa pacha wa namna hiyo, katika mimba kama kumi hadi kumi na tano kwa kila mia, damu hugawanyika vibaya, mmoja akazidiwa na mwingine akapungukiwa. Hilo halionekani kwa macho wala haliaguliwi.

Sasa niwakabili wale ambao kuwakabili ni kuzito kwangu, kwa kuwa nasali nao: wanaosema pacha ni baraka, na baraka hailindwi na mwanadamu. Ni baraka, nakubali. Afrika Mashariki nzima inakubali. Waganda humwinua baba wa mapacha akawa Ssalongo na mama akawa Nnalongo, majina ya heshima wanayozikwa nayo. Wajaluo wana Opiyo na Odongo, na anayewafuata, Shija wao, ni Okello. Lakini angalia wazee wetu walivyoipokea baraka hiyo. Hans Cory, aliyechunguza mila zetu enzi za ukoloni, aliandika mwaka 1944 katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya sherehe za mabasa za Wasukuma. Ujio wa pacha haukuachiwa mama na baba peke yao. Ulikuwa na matambiko yake, ngoma zake na watu wake maalumu. Wazee hawakuwa na ultrasaundi, lakini walijua kwamba wawili wakija pamoja, jambo si la kawaida na kaya moja haiwezi kulibeba. Anayesema leo "mwache Mungu afanye kazi yake", kisha akarudi shambani, hafuati dini wala mila. Amechukua neno la faraja ya msibani akaligeuza ruhusa ya kutofanya kitu.

Kisha kuna jibu la ofisini. Huko hawasemi pacha ndivyo walivyo. Wanasema hali imeboreka. Na imeboreka kweli, nisiwe mwizi wa fadhila. Tafiti za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na wanaojifungulia kwenye vituo wamefika asilimia 81. Mfumo wa M-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022, umempa mama wa kijijini namba 115 ya kupiga bila malipo, gari likamfuata. Bariadi ina hospitali ya rufaa ya mkoa, jambo ambalo nilipokuwa mtoto lingekuwa ndoto, maana mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012.

Lakini tafiti hizo hizo zina namba ambayo haipendi kusomwa jukwaani. Vifo vya vichanga katika siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila 1,000. Miaka saba baadaye vilikuwa 24. Mama tumeanza kumwokoa. Mtoto wake wa siku ya kwanza bado, na miongoni mwa hao pacha wamejaa kupita idadi yao. M-mama nayo, pamoja na wema wake wote, huitwa pale moto ulipokwisha kuwaka. Mvua za masika zikigeuza udongo mweusi wa mbuga kuwa gundi, gari kutoka kijiji cha ndani cha Meatu au Itilima haliji kwa dakika za Doto. Na rufaa ikivuka mkoa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka Bariadi ni zaidi ya kilomita 150. Kwa mwenye pacha, safari inatakiwa kufanyika kabla ya uchungu, na hiyo haiwezekani kwa mtu asiyejua ana pacha. Tunarudi palepale, kwenye swali la mama yangu.

Wengine watasema fedha hazipo, mkoa ni wa wakulima. Nawajibu kama mtoto wa wakulima. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini. Kila kilo inayouzwa hulipiwa ushuru wa halmashauri, asilimia 3. Pamba hiyo imepandwa, imepaliliwa na kuchumwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wanawake, wengine wakiwa na mimba ya miezi minane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayejifungua likizo yenye malipo ya siku 84, na aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja siku 100. Bunge lilikwisha kukiri kwamba wawili ni mzigo mkubwa kuliko mmoja. Mama wa shamba la pamba hana mwajiri wa kumpa hizo siku 16 za nyongeza. Ana halmashauri anayoijaza mfuko kila msimu, na nadhani ana haki ya kuidai.

Adai nini? Kwanza, ajulishwe. Kila kituo cha afya Simiyu kiwe na mashine ya ultrasaundi na mtu wa kuitumia, na kila halmashauri itamke hadharani ni wajawazito wangapi waliopimwa kabla ya wiki 24. Pale ambapo mashine haijafika, utepe wa kupimia kimo cha mimba hauna gharama: tumbo likizidi wiki zake, mama aandikiwe barua ya kwenda kupimwa, na mhudumu wa afya wa kitongoji ahakikishe amekwenda. Pili, kadi ya mwenye pacha iandikwe kwa wino mwekundu mahali atakapojifungulia, na pawe pale penye upasuaji na damu. Awepo karibu na hapo wiki kadhaa kabla, katika nyumba ya kusubiria yenye jiko na kitanda, ili asikae chini ya mwembe wa hospitali. Tatu, siku yenyewe wahudumu wawe wawili, mmoja wa kumpokea Kulwa na mwingine jicho lake lisiondoke kwa Doto, na damu inayomtoka mama ipimwe kwa chombo, isikisiwe kwa macho. Mbinu hiyo, pamoja na matibabu ya papo hapo, ilijaribiwa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo ya mwaka 2023 yakaonyesha kwamba kuvuja damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60.

Nyumbani nako tuna kazi. Mume ampunguzie jembe mapema. Mama mkwe aache kusema maziwa ya mama hayatoshi wawili. Ziwa hutoa kadiri linavyonyonywa, mradi mama ale na anywe. Na kabla ya Shija, kizazi kipumzike. Nasema hivyo mimi mwenyewe niliyekuja mapema mno, mama yangu akiwa bado mweupe viganjani kwa kupungukiwa damu.

Sitamkemea mzee wa mkekani. Aliipokea kauli ile kwa waliozika wengi kuliko yeye, na enzi zao hapakuwa na la kufanya zaidi ya kutuliza moyo. Sisi tunalo. Kwetu, mtu akipewa kitu na anayemheshimu hukipokea kwa mikono miwili, hata kiwe kidogo kama kiberiti. Mungu akitoa wawili kwa mpigo, mikono inayohitajika ni minne, na iwe imenawa na kungoja kabla hajafika. Kulwa wa nyumbani kwetu sasa ana mvi. Kila akitambulishwa kwa mgeni huulizwa swali lile lile, na kila mara huangalia chini kabla ya kujibu: "Doto yuko wapi?"